Star Wars na Watoto: Mwongozo Kamili wa Kujua Uanze na Ipi, Ifuate Ipi, na Usimame Wapi

Familia nyingi zinazoanza Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya angani, hukwama mahali palepale. Wanaona filamu yenye namba ya Kwanza, wanaanza nayo, na kabla ya saa moja kuisha mtoto wa miaka saba anauliza kodi ni nini na kwa nini wazee wanabishana bungeni. Wenye subira hufika ya Pili. Wanaofika ya Tatu hukutana na watoto wanaouawa na mtu anayeungua akiwa hai, na hapo mfululizo wote unafungwa kabatini. Filamu tatu zilizo rahisi kuliko zote kwa mtoto, yaani ya Nne, ya Tano na ya Sita, hazijaguswa.

Tatizo ni namba. Namba hufuata miaka ya ndani ya hadithi tu. Filamu iliyotoka mwanzo kabisa, 1977, ndiyo ya Nne. Ya Kwanza ilikuja 1999, ikitengenezewa watu ambao tayari walijua mambo yataishia wapi. Kwa hiyo usipange kwa namba. Panga kwa umri, na hasa kwa muda ambao mtoto anaweza kukaa na swali lisilojibiwa.

Angalizo moja kabla ya kuendelea: mwongozo huu unataja siri zote za hadithi, kwa sababu anayepanga lazima azijue. Usiusome kwa sauti watoto wakiwa karibu.

## Vitu vya kuandaa

- Filamu zenyewe, zenye sauti ya asili na picha safi, na maandishi ya chini kama yapo.
- Orodha iliyo hapa chini, umeinakili kwenye karatasi au simu.
- Rimoti inayofanya kazi, yenye kitufe cha kusimamisha na cha kupeleka mbele. Inaonekana jambo dogo mpaka siku utakapoihitaji ndani ya sekunde mbili.
- Mtu mzima mmoja aliyeshaiona filamu ya siku hiyo. Kama hayupo, iangalie peke yako siku moja kabla.
- Muhtasari wa Kiswahili wa maandishi ya mwanzo (tazama Hatua ya 5).

Kuhusu filamu za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia juu ya sauti: zina utamu wake, na kwa filamu ya mapigano matupu hazina shida. Kwa mfululizo huu, hasa ya Tano, ziepuke mara ya kwanza. Msimulizi akitaja mapema nani ni nani, au akiongea juu ya sentensi moja inayobeba filamu nzima, hakuna wa kuirudisha siri ile. Kibanda umiza kina shida hiyohiyo, na zaidi ya hapo mpangilio anauchagua mwenye kibanda.

## Orodha ya filamu na kinachouma ndani yake

Dakika ni za kukadiria, kwa kuwa matoleo hutofautiana kidogo. Alama ni za Marekani.

- Ya Nne, *A New Hope* (1977), dakika 121, PG. Hadithi iliyonyooka kuliko zote: steringi mmoja, adui mmoja, ngome moja ya kulipua.
- Ya Tano, *The Empire Strikes Back* (1980), dakika 124, PG. Wema wanashindwa. Siri kubwa iko hapa.
- Ya Sita, *Return of the Jedi* (1983), dakika 131, PG. Mnyama anayekula watu, kisha mwisho wa furaha.
- Ya Kwanza, *The Phantom Menace* (1999), dakika 136, PG. Mbio nzuri, mazungumzo marefu.
- Ya Pili, *Attack of the Clones* (2002), dakika 142, PG. Mapenzi, kifo cha mama, na kisasi.
- Ya Tatu, *Revenge of the Sith* (2005), dakika 140, PG-13. Nzito kuliko zote sita.
- Ya Saba, *The Force Awakens* (2015), dakika 138, PG-13.
- Ya Nane, *The Last Jedi* (2017), dakika 152, PG-13.
- Ya Tisa, *The Rise of Skywalker* (2019), dakika 141, PG-13.
- Za pembeni: *Rogue One* (2016) na *Solo* (2018), zote PG-13.

PG maana yake mzazi awe karibu. PG-13 maana yake mzazi afikiri mara mbili kwa aliye chini ya miaka 13. Alama ya PG-13 ilianza kutumika 1984, baada ya filamu tatu za mwanzo kutoka. Kwa hiyo PG ya 1977, 1980 na 1983 ilibeba mambo ambayo katuni yenye PG leo haibebi: mkono unaokatwa, miili iliyoungua. Usidanganywe na herufi mbili. Walio Kenya wakumbuke kuwa bodi ya huko hutumia GE, PG, 16 na 18, kwa hiyo alama ya kwenye kava ya Marekani hailingani moja kwa moja na ile ya nyumbani.

## Hatua ya 1: Mpime mtoto kwa maswali matatu

Umri ni mwanzo tu. Watoto wawili wa miaka minane wanaweza kupishana kama mbingu na ardhi. Kabla ya kuchagua, jiulize:

Anaweza kukaa na filamu inayoishia pabaya? Ya Tano inaisha huku rafiki wa steringi ameganda na kuchukuliwa na maadui, na steringi amepoteza mkono. Mtoto ambaye hulia sizoni ya katuni ikikatikia pabaya atahitaji ya Sita kesho yake.

Huogopa kitu gani? Wapo wasiojali mapigano lakini wanaogopa sura. Huyo atapita vita vyote bila shida, kisha kichwa cheupe chenye makovu kitakachovuliwa kofia katika ya Sita kimkoseshe usingizi. Wengine wanaogopa wanyama. Wengine kufungiwa mahali.

Amewahi kufiwa, au kutengana na mama? Hili lisipuuzwe. Ya Kwanza inamtoa mtoto wa miaka tisa kwa mama yake aliye mtumwa, na katika ya Pili mama huyo anakufa akiwa amepakatwa na mwanawe. Kwa mtoto aliyepitia msiba karibuni, filamu hizo zisogezwe mbele, hata mwaka mzima.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja kwa jina mambo mawili yatakayomsumbua mtoto huyu.

## Hatua ya 2: Chunguza kama anaijua siri

Siri ni hii: Darth Vader, adui mkuu mwenye kofia nyeusi, ndiye baba wa Luke, steringi wa ya Nne hadi ya Sita. Inasemwa mwishoni mwa ya Tano, na ndiyo sababu filamu ya Nne na ya Tano hutangulia katika mpangilio wowote wenye maana. Ukianza na ya Kwanza mpaka ya Tatu, mtoto anafika ya Tano akimngojea Luke agundue jambo ambalo yeye alilijua muda mrefu.

Usimuulize moja kwa moja, maana swali lenyewe ni jibu. Muulize tu, "Vader ni nani?" Akisema "mtu mbaya mwenye kofia nyeusi", bado hajui. Fulana, mabegi ya shule na vichekesho vya mitandaoni vimeshawamwagia siri watoto wengi, kwa hiyo usishangae akikujibu kwa dharau kwamba kila mtu anajua.

Kama anajua, hujapoteza kila kitu. Bado anza na ya Nne kwa sababu ndiyo rahisi kueleweka. Kilichobadilika ni kwamba huna haja ya kumlinda dhidi ya binamu wanaokuja likizo.

Iko siri ya pili, kwamba Luke na binti mfalme Leia ni ndugu. Hufichuliwa katika ya Sita, au katika ya Tatu kwa anayeiona mapema. Hii haina uzito sana, ila ujue kwamba katika ya Tano Leia anambusu Luke, na vijana wanaoirudia wakiwa wanajua undugu wao watapiga kelele chumba kizima. Waache wacheke.

## Hatua ya 3: Chagua mpangilio kwa umri

### Chini ya miaka 6

Usiwaonyeshe filamu hizi. Wengi watakaa mbele ya ya Nne kwa dakika ishirini za roboti wawili jangwani, kisha watakimbilia nje, na baadaye watakataa kurudi wakisema wameshaiona. Umri huu una katuni yake, *Young Jedi Adventures* (2023), iliyotengenezwa kwa watoto wadogo. Haifichui siri yoyote ya filamu.

### Miaka 6 hadi 8: 4, 5, 6, halafu simama

Angalieni mfululizo wa filamu tatu bila kuchomeka kitu katikati. Kati ya ya Tano na ya Sita usiache zaidi ya wiki moja. Watazamaji wa 1980 walisubiri miaka mitatu kujua yaliyompata Han, yule rafiki wa steringi aliyegandishwa. Mtoto wa miaka saba hawezi, na hana sababu ya kuweza.

Baada ya ya Sita simameni walau miezi michache. Mtoto akiomba zaidi, ya Kwanza inafaa kwa mtoto wa miaka 8 anayependa mbio, mradi usimwahidi kwamba ya Pili inafuata. Ya Kwanza inaweza kusimama peke yake: ina tatizo, ina ushindi, ina sherehe mwishoni.

Utajua imekaa sawa ukiona mtoto anaigiza upanga wa mwanga kwa fimbo ya ufagio huku akitoa mlio wake mwenyewe, na anaweza kukueleza kwa nini Vader alimtupa Mfalme Mkuu, bosi wake, shimoni. Hilo la pili ndilo kipimo. Akisema "kwa sababu alikuwa anamuua mtoto wake", ameielewa hadithi yote.

### Miaka 9 hadi 11: 4, 5, 6, 1, 2, na ya Tatu isubiri

Hapa ndipo wazazi hugombana. Ya Pili inapitika kwa wengi wa umri huu. Ina mapenzi ambayo watayazomea, na ina tukio moja zito: Anakin, yule mtoto wa ya Kwanza atakayekuja kuwa Vader, anaua kijiji kizima kulipiza kifo cha mama yake, wakiwemo wanawake na watoto, ingawa mengi yanasimuliwa kwa maneno kuliko kuonyeshwa. Tukio hilo lahitaji mazungumzo, maana kijana anayefanya hivyo ndiye steringi.

Ya Tatu ni habari nyingine. Steringi anaingia ukumbini, watoto wadogo wanamuuliza wafanye nini, anawasha upanga. Kamera inakata, lakini hakuna mtoto wa miaka tisa asiyeelewa. Mwishoni anakatwa miguu na mkono na kuungua kando ya mto wa moto. Matukio haya hayarukiki, kwa sababu ndiyo hadithi yenyewe. Ukiyaruka, Vader ametoka wapi? Ndiyo maana dawa ya ya Tatu ni kusubiri. Rimoti haikusaidii.

Pengo hilo linajazwa vizuri na katuni ya *The Clone Wars*, ambayo hadithi yake iko kati ya ya Pili na ya Tatu. Kila kipande ni kama dakika 22. Sizoni za mwanzo hazikufuata mpangilio wa muda wa hadithi, lakini kwa mtoto haidhuru, kwani visa vingi hukamilika ndani ya vipande vichache. Sizoni za mwisho ni nzito; fika nazo taratibu.

### Miaka 12 na kuendelea: 4, 5, 1, 2, 3, 6

Huu ndio mpangilio bora kwa anayeweza kungoja. Siri inatoka katika ya Tano, kisha badala ya kwenda mbele mnarudi nyuma kwa filamu tatu kuuliza: baba huyu alikuwa nani, na alianguka vipi? Jibu likishapatikana mnarudi kwenye ya Sita kuona kama anaokoka.

Faida tatu hupatikana. Kwanza, siri inabaki siri. Pili, kumvua Vader kofia kunakuwa na uzito, kwa kuwa mtazamaji amemjua akiwa na miaka tisa. Tatu, mwisho wa ya Sita unaeleweka: tangu toleo la DVD la 2004, mzimu wa Anakin unaoonekana sherehe za mwisho una sura ya Hayden Christensen, yule kijana wa ya Pili na ya Tatu. Mtoto aliyeangalia 4, 5, 6 tu atauliza huyu ni nani, na swali lake ni la haki kabisa. Mjibu kwa kifupi: "Ndiye Vader alipokuwa kijana. Tutamwona siku nyingine."

Kwa mtoto mdogo mpangilio huu haufai, kwa sababu ileile inayoufanya mtamu: unamwacha Han ameganda kwa filamu tatu, karibu saa saba. Mtu wa miaka 13 anaongezewa hamu. Wa miaka saba anasahau alikuwa anangoja nini.

Kuna toleo fupi lake linaloitwa Machete, lililopendekezwa na Rod Hilton mwaka 2011: 4, 5, 2, 3, 6, bila ya Kwanza. Hoja yake ni kwamba ya Kwanza haina kitu kisichorudiwa baadaye. Kwa watu wazima wenye haraka linafanya kazi. Kwa kijana wa miaka 12 si busara kuiondoa filamu pekee ambamo Anakin ni mtoto kama yeye, na kumnyima mbio zile.

### Watu wazima wanaoanza leo

4, 5, 1, 2, 3, 6, au kwa kufuata miaka ya kutoka: 4, 5, 6, 1, 2, 3. Zote zinakubalika. Filamu sita ni zaidi ya saa 13, basi msizifungie wikendi moja. Ya Pili ndiyo hulaza watu, na ikiangaliwa saa sita usiku huwa ndiyo ya mwisho.

## Hatua ya 4: Nyumba yenye watoto wa umri tofauti

Chukua nyumba yenye watoto wa miaka 7, 10 na 14. Wa 14 anataka ya Tatu leo. Wa 7 anataka anachotaka wa 14.

Kanuni ni hii: mdogo ndiye anayeamua orodha ya pamoja, na mkubwa anapewa orodha ya kwake ya usiku.

1. Wote pamoja: 4, 5, 6.
2. Wote pamoja: 1, baada ya mapumziko.
3. Wa 10 na wa 14: ya Pili, mdogo akiwa amelala au yuko kwa bibi.
4. Wa 14 peke yake na mtu mzima: ya Tatu.
5. Wote pamoja tena: ya Sita.

Namba tano ya orodha hii ndiyo siri ya mpango huu. Mdogo anafurahia kurudia, maana watoto hurudia filamu bila kubembelezwa, na mkubwa anaiona ya Sita upya akiwa ametoka kwenye ya Tatu. Kila mmoja amepata mpangilio wake bila kugawanya nyumba.

Mkubwa anayeijua siri ndiye hatari kubwa. Kumtishia hakusaidii. Mpe kazi: awe msomaji wa maandishi ya mwanzo, na mlinzi wa rimoti. Kijana mwenye cheo huilinda siri kuliko mzazi.

Kama tofauti ni kubwa sana, tuseme miaka 4 na 13, usijaribu kuwaunganisha. Utamchosha mmoja na kumtisha mwingine.

## Hatua ya 5: Tayarisha maandishi ya mwanzo

Kila filamu ya namba huanza na maandishi ya njano ya Kiingereza yanayopanda kuelekea angani. Hayasomwi na mtu yeyote ndani ya filamu. Mtoto asiyesoma Kiingereza haraka anakosa msingi wote, na hapo ndipo maswali ya "huyu nani, wanapigana kwa nini" huanzia.

Usitafsiri neno kwa neno. Soma muhtasari huu maandishi yakipanda:

- Ya Nne: "Waasi wameiba michoro ya ngome inayoweza kulipua sayari nzima. Binti mfalme Leia anaipeleka kwao, na maadui wanamfukuza."
- Ya Tano: "Ngome imelipuliwa, lakini maadui hawajaisha. Waasi wamejificha kwenye sayari ya barafu. Vader anamtafuta Luke."
- Ya Sita: "Luke amerudi jangwani kumwokoa Han. Maadui wanajenga ngome ya pili."
- Ya Kwanza: "Wafanyabiashara wenye meli za vita wameizingira sayari ndogo. Jedi wawili wanatumwa kusuluhisha." Jedi ni wapiganaji wenye upanga wa mwanga. Neno kodi liache.
- Ya Pili: "Sayari nyingi zinataka kujitenga. Padmé, aliyekuwa malkia, sasa ni seneta, na anakuja kupiga kura kuhusu kuunda jeshi."
- Ya Tatu: "Ni vita. Kiongozi wa serikali ametekwa. Jedi wawili wanakwenda kumkomboa."

Kuna pia viumbe wanaosema lugha zao, kama Jabba katika ya Sita, na maneno yao huandikwa chini kwa Kiingereza. Msomaji awe tayari. Roboti R2-D2 na Chewbacca, rafiki wa Han mwenye manyoya, hawana maandishi. Mtoto akikuuliza wanasema nini, mwambie asikilize wenzao wanavyowajibu.

Umefaulu ikiwa dakika tano za kwanza zimepita bila swali la "wanapigania nini".

## Hatua ya 6: Jua mahali pa kushika rimoti

Saa hutofautiana kati ya matoleo, kwa hiyo fuata dalili.

Ya Nne. Luke akikuta Jawa, wale wachuuzi wadogo wa jangwani, wameuawa, atakimbia nyumbani. Moshi ukionekana, kuna mifupa iliyoungua ya mjomba na shangazi yake. Ni sekunde chache. Kwenye baa ya mji wa jangwani, mzozo ukianza, mkono uliokatwa utaonekana sakafuni wenye damu. Roboti mweusi wa duara mwenye sindano akiingia chumba cha Leia, mlango unafungwa na huonyeshwi kitu. Hapo usikimbilie rimoti, utamtisha zaidi.

Ya Tano. Mwanzoni Luke ananing'inia miguu juu kwenye pango la mnyama. Baadaye, kwenye kinamasi, anaingia pangoni na kumkata Vader kichwa. Kofia inapasuka na ndani kuna sura ya Luke mwenyewe. Watoto wadogo hudhani amekufa. Waambie mapema: "Hii ni ndoto." Pale Han anapofungwa kwenye mashine, peleka mbele kwa walio chini ya miaka 8. Mkono wa Luke usiuruke, maana siri inafuata mara moja.

Ya Sita. Mtego wa sakafu kwa Jabba unapofunguka, mnyama anakula mlinzi. Karibu na mwisho, umeme kutoka vidoleni mwa Mfalme Mkuu ni mrefu na una mayowe. Mtoto anayeogopa sura aelezwe kabla kofia haijavuliwa: "Ameungua zamani, ngozi yake imepauka, hana ubaya tena."

Ya Kwanza. Pigano la watu watatu mwishoni linamuua mwalimu mmoja wa Jedi, kisha adui anakatwa vipande viwili na kuanguka shimoni. Hakuna damu ya kutaja.

Kosa la kawaida ni kuziba macho ya mtoto kwa mkono. Sauti inabaki, na kichwa chake kitachora kibaya kuliko kilichopo kwenye skrini. Simamisha, eleza kwa sentensi moja, endelea. Taa moja iwake chumbani.

## Hatua ya 7: Gawanya filamu pale hadithi inapohama

Chini ya miaka 8, saa mbili ni nyingi. Kata hapa:

- Ya Nne: meli ya Han ikishaondoka kwenye sayari ya jangwa.
- Ya Tano: meli ikishatoka mdomoni mwa mnyama mkubwa wa angani.
- Ya Sita: mapigano ya jangwani yakiisha. Ni mapema kidogo, kama theluthi moja, lakini ni mahali safi.
- Ya Kwanza: mbio zikiisha. Ahadi ya mbio ndiyo itakayomvusha mazungumzo ya mwanzo. Ukikata kabla yake hutampata tena.

Kama mnatumia huduma ya mtandaoni, zima uchezaji wa filamu inayofuata wenyewe. Mfumo haujui mpangilio wenu. Pia usimwachie mtoto achague kwenye ukurasa wa picha, kwa kuwa picha na maelezo mafupi ya hapo humwaga siri bila aibu.

## Za pembeni na ya Saba kuendelea

*Rogue One* inaeleza wizi wa michoro na inaishia pale ya Nne inapoanza. Kwa hiyo wengi huiweka mwanzo. Usifanye hivyo kwa watoto: karibu kila mtu utakayempenda anakufa, na dakika za mwisho za Vader kwenye ukumbi ni za kutisha kuliko chochote katika zile tatu za mwanzo. Miaka 12, na baada ya ya Sita.

*Solo* ni nyepesi, iwekwe baada ya ya Sita. Karibu na mwisho anatokea adui aliyekatwa vipande viwili katika ya Kwanza. Alipona, na habari zake ziko katika *The Clone Wars*.

Ya Saba, ya Nane na ya Tisa hufuatana kwa namba zao, baada ya ya Sita, bila mjadala. Kinachohitaji tahadhari ni ya Saba: Han anauawa na mtoto wake wa kumzaa. Kwa mtoto aliyetoka kumpenda Han kwa filamu tatu, pigo hilo ni kubwa kuliko mapigano yote. Subiri miaka 10 au 11, na usiiweke wiki moja na ya Sita.

Tamthilia ya *The Mandalorian* (2019) ije baada ya ya Sita pia. Mgeni anayetokea mwisho wa sizoni ya 2 hana maana kwa asiyemjua.

## Kama mmeshaanza vibaya

Mmeangalia ya Kwanza tu. Msiendelee na ya Pili. Nendeni ya Nne moja kwa moja. Ya Kwanza haisemi popote kwamba Anakin atakuwa Vader; mtoto hajui bado.

Mmefika ya Pili. Bado iko salama. Nendeni ya Nne. Mtoto makini atauliza kwa nini Luke naye anaitwa Skywalker. Mjibu: "Swali zuri, endelea kuangalia."

Ameiona ya Tatu. Siri imeisha, basi msihangaike kuilinda. Mpeni ya Nne, ya Tano na ya Sita kwa mfululizo, na mwambie sasa yeye ndiye anayejua asichokijua Luke.

Aliogopa akakataa kabisa. Pumzika miezi mitatu au zaidi. Ukirudi, usirudie mahali alipoogopea. Anza na ya Nne pale Luke, Han na Leia wanapotoroka ngome, mchana, mlango ukiwa wazi, na umwambie anaweza kutoka wakati wowote.